Nikuletee Nini?

Mama Kwanini hakusingiziwa jina. Tangu utotoni alikuwa mtu wa kuuliza, na umri ulivyozidi kwenda haukumpunguzia hata swali moja. Mteja akimletea kitambaa ashonewe gauni, ataulizwa kwanza kwa nini rangi hiyo, kwa nini mikono mifupi, na huyo anayejipamba kwa ajili yake anastahili kweli? Watu walimvumilia kwa sababu alikuwa fundi hasa, na gauni lake likikukaa vizuri mwilini unasahau kabisa kwamba ulihojiwa.

Aliishi na kushona katika chumba cha chini, cha kwanza ukiingia kwenye jumba lile la ghorofa. Ngazi ilikuwa moja tu, nyembamba, na kila apandaye au ashukaye lazima apite mlangoni kwake. Maji nayo yalikuwa yamegoma kupanda siku nyingi. Bomba lililotoa lilikuwa moja, uani, kwa hiyo kila asubuhi jumba zima lilishuka na ndoo zake, likajipanga, likapiga soga. Mtu mdadisi angeomba nini zaidi?

Ndipo ikaja homa ya kifua. Ilianza kama mafua ya kawaida, watu wakaidharau, ikawalaza vijana kwa wazee. Hospitali zikafurika. Bibi afya wa mtaa akapita kwenye kila jumba, na kwao alisimama katikati ya ua, mbali na watu, akapaza sauti.

"Hakuna atakayefungiwa kwa kufuli hapa," alisema. "Mlango ni wako na ufunguo ni wako. Lakini ukiamka na homa au kikohozi, baki ndani mpaka upone, wenzako wakupandishie maji. Na chagueni mtu mmoja wa kupita kila asubuhi, ajue nani ameamkaje."

"Si yupo Mama Kwanini?" akadakia Fundi Bomba, yule kijana wa ghorofa ya pili aliyekuwa akitengeneza mabomba ya mtaa mzima isipokuwa la kwao. "Miaka yote anauliza bure. Leo tumpe cheo!"

Watu wakaangua kicheko, na cheo kikapita bila mpinzani.

Mama Kwanini naye alicheka, ila si sana. Chumbani kwake alikuwa na mume. Mume mwenyewe alikuwa hajaota hata jino moja, na jina la mume alipewa na bibi yake kwa utani, kama bibi wengi wanavyowatania wajukuu wao wa kiume. Alizaliwa kabla ya wakati, mdogo kama mkate, akakaa hospitali muda mrefu, na hata sasa kifua chake kilipiga mluzi akilala. Mama yake, binti pekee wa Mama Kwanini, alikuwa muuguzi katika wodi ileile ya wagonjwa wa homa. Alikuwa amehamia hukohuko, analala hukohuko, asije akaileta nyumbani. Mtoto alimwachia mama yake, na daktari alikuwa amewaambia wote wawili bila kuzunguka: homa hii ikimfikia huyu, msinitegemee kwa miujiza.

Kwa hiyo wengine walipokuwa wakicheka, Mama Kwanini alikuwa akihesabu kimoyomoyo ni vifua vingapi vinapita mlangoni kwake kwa siku.

Kazi aliianza kwa bidii. Asubuhi akishampa mtoto maziwa na kumlaza, alifunga barakoa aliyoishona mwenyewe, akapanda ngazi. Alisimama hatua chache kutoka kila mlango.

"Hodi! Mmeamkaje humo?"

"Salama, mama! Sijui nyinyi."

"Sisi salama."

Mlango wa pili, salama. Wa tatu, salama kabisa. Kwa Fundi Bomba alijibiwa salama mara mbili, ya mume na ya mke, tena kwa sauti ya asali. Mlango mmoja tu ndio uliomkera, wa juu kabisa, kwa Mwalimu. Mzee huyu alikuwa amestaafu, anaishi peke yake, na hakuwa mtu wa kumfungulia mtu.

"Mwalimu! Umeamkaje?"

"Nimeamka," sauti ikajibu kutoka ndani. "Yaliyobaki ni yangu."

"Jamani! Mimi nimetumwa."

"Bibi afya alisema mlango ni wangu."

"Mlango ni wako, Mwalimu, lakini ngazi ni yetu sote. Hewa ya ngazini inapita chini ya mlango wangu, na ndani kuna mtoto."

Mama Kwanini akashuka huku akinung'unika ngazi nzima.

Jioni binti yake alipiga simu, sauti imechoka. "Mama, kuna anayeumwa hapo?"

"Hakuna. Wote salama, ila Mwalimu na kiburi chake."

"Hakuna hata mmoja? Huku wanaletwa kutoka kila jumba."

"Sisi ni watu wasafi," alijibu Mama Kwanini, na wakati ule aliamini kabisa.

Lakini kikohozi kilikuwepo. Alikisikia alfajiri, watu bado wamelala. Kilianzia juu, kavu, kikateremka ngazi polepole, kisha kikafika karibu na mlango wake kikakatika ghafla. Hatua zikapita kimya. Mlango mkubwa ukalia, na huko nje mtaani kikohozi kikaripuka tena kwa hasira, kama kimetoka jela. Kesho yake, hivyohivyo. Kesho kutwa, hivyohivyo. Mama Kwanini alikaa kitandani ametega masikio, hofu na udadisi vikigombea nafsi yake, na kusema kweli udadisi ulikuwa ukishinda. Ni kikohozi gani hiki kinachojua adabu mlangoni kwake tu?

Alipanda tena, akauliza tena. Salama, salama, salama. "Nimeamka, yaliyobaki ni yangu."

Basi si jibu limepatikana? Anayeficha ndiye mwenye cha kuficha. Alilisema hilo bombani, tena kwa sauti, na wenzake wakalipokea kwa mikono miwili. Mmoja alisema Mwalimu asiruhusiwe kugusa bomba. Mwingine akasema ingefaa mlango wake uwekwe alama, watu wajihadhari. Mama Kwanini hakungoja kuambiwa mara ya pili. Alichukua chaki yake ya kuchorea vitambaa, akapanda mpaka juu, akachora alama ya X kubwa kwenye mlango wa Mwalimu. Alishuka ameridhika, akaendelea kushona mashuka ya hospitali, na mguu wake ulikanyaga cherehani kwa nguvu kuliko kazi ilivyohitaji.

Mchana kivuli kikasimama dirishani. Alikuwa Mwalimu, amevaa barakoa, amesimama mbali kama bibi afya alivyofundisha, macho yake makavu na mazima.

"Fundi," alisema, "umenikata kabla ya kunipima."

Mama Kwanini akaona aibu, ila aibu yake ilikuwa na ubishi. "Ungejibu nisingechora. Kwani ni dhambi kusema hali yako?"

"Si dhambi. Nakuuliza jambo. Wewe hupita ukawauliza watu hali, au hupita ukawasalimia?"

"Kuna tofauti gani?"

Mwalimu alitazama cherehani, akatazama kitanda cha mtoto, kisha akasema kwa upole, "Umeamkaje, mama?"

"Salama."

"Ulilala?"

"Sijapata hata lepe la usingizi. Mgongo unaniwaka, na mume huyu alilia mpaka..." Akaacha mdomo wazi.

"Mbona umesema salama?"

Mama Kwanini alijaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho mtu alimuuliza ameamkaje akajibu vibaya. Hata siku aliyomzika mumewe wa kweli alisema salama kwanza, kilio kikafuata nyuma.

"Nimefundisha maisha yangu yote," alisema Mwalimu. "Kila siku nilisimama mbele ya darasa nikauliza, 'Mmeelewa?' Darasa zima: 'Ndiyooo, Mwalimu!' Ukisahihisha mtihani unataka kulia. Nikajifunza kwamba lile halikuwa swali, ilikuwa salamu. Sasa wewe unasimama mlangoni kwa watu unawasalimia, wao wana adabu zao, wanakujibu. Mimi nilikataa kujibu kwa sababu sipendi kusema neno lisilo na kitu ndani yake."

"Basi kwa nini usinieleze siku ya kwanza?"

"Hukuniuliza kwa nini," alisema Mwalimu. "Nilishangaa sana, kwa jina lako."

Akageuka kuondoka. Mama Kwanini akamwita, akamwambia atapanda sasa hivi kuifuta ile chaki.

"Iache. Mlango ni wangu, nitaifuta nikipenda."

Jumba zima, basi, lilikuwa halijasema kitu tangu siku ya kwanza. Mama Kwanini alirudia jambo hilo kichwani akipika uji, akiosha nepi, akimbembeleza mtoto, na kila aliporudia lilimtia baridi. Alikuwa amemwambia binti yake hakuna mgonjwa. Nani hasa alikuwa amemhakikishia hilo, na kwa ushahidi gani?

Alfajiri iliyofuata hakungoja kitandani. Alisimama ukumbini, mgongo mlangoni pake, barakoa usoni. Kikohozi kikaanza juu. Kikateremka. Kilipofika kona ya mwisho kikakatika, na akatokea Fundi Bomba na mfuko wake wa spana, macho yamemtoka, amebana pumzi. Barakoa ambayo Mama Kwanini alimshonea kwa mkono wake ilikuwa imetuna kwa mashavu yaliyojaa hewa.

Kijana alimwona mama mtu mzima akagutuka. Akainamisha kichwa badala ya kusema.

"Umeamkaje, mwanangu?" aliuliza Mama Kwanini.

Masikini Fundi Bomba. Kumpita mtu mzima bila kumjibu haiwezekani, na kujibu bila pumzi haiwezekani. Alijaribu kuitikia kwa pua. Kisha akafungua kinywa, akasema "Sala...", na kikohozi chote cha wiki kikatoka pamoja na salamu, akainama, spana zikamwagika sakafuni.

"Rudi nyuma!" Mama Kwanini alipiga kelele. "Rudi juu, mbali na mlango wangu!" Alitamani kumzaba kofi, na kama si kuogopa kumkaribia, angemzaba. "Kwa nini hukusema?"

Kijana akapanda ngazi kadhaa, akakaa, akahema. "Uliniuliza lini, mama?"

"Kila siku!"

"Ulinisalimia. Mtu mzima ananisalimia asubuhi yote ile, nimjibu kwa kikohozi?" Akafuta machozi ya kukohoa. "Nilikuwa nabana pumzi nikipita hapa. Kwa ajili ya mtoto."

"Ungekaa ndani ndiyo ungemsaidia mtoto!"

"Nikae ndani tule nini? Na mke wangu kalala, hata kusimama hawezi. Nani angetupandishia maji?" Akatazama juu ngazini. "Jana nilikuwa nimeamua kusema. Nikasikia vikao vya bombani, nikapanda juu nikauona mlango wa Mwalimu. Nikasema hapana. Kama mzee mzima wamemchora vile, mimi fundi wa mabomba watanifanya nini?"

Hasira ya Mama Kwanini ikaisha. Ile chaki aliichora kumlinda mjukuu wake, na chaki ileile ndiyo iliyomfanya Fundi Bomba aendelee kubana pumzi. Hakujua amchukie nani. Alijiona mjinga, na hilo lilimuuma kuliko mgongo.

"Nenda ukalale," alisema mwishowe. "Maji nitaleta mimi. Na uji."

Saa hiyohiyo alipanda mpaka juu akagonga, kwa mara ya kwanza bila salamu yoyote. "Mwalimu, nisaidie. Nitawauliza vipi watu bila kuwasalimia?"

Mlango ukafunguka kidogo. Walijadiliana pale, yeye ngazini, mzee kizingitini, X nyeupe kati yao. Kuuliza "Unaumwa?" asubuhi na mapema ni kumtakia mtu mabaya. "Una homa?" ni swali la polisi. "Sema kweli" ni kumwita mtu mwongo kabla hajafungua kinywa. Kila swali walilolijaribu lilikuwa linakuja kuchukua kitu kwa mtu, na mtu akiona mkono unakuja kuchukua, hufunga mlango.

"Basi tuulize la kupeleka," alisema Mama Kwanini taratibu, kama mtu anayejaribu kitambaa begani. "Niulize, nikuletee nini?"

Mwalimu akafikiri. "Mwenye afya atasema hataki kitu, atashuka mwenyewe."

"Na aliyelala atasema maji."

"Na hatakuwa amesema anaumwa."

"Wala sitakuwa nimemuuliza."

Wakatazamana. Mwalimu, ambaye hakuwa mtu wa kucheka ovyo, alicheka. Kisha akachukua kitambaa chenye maji akafuta chaki mwenyewe, kwa wakati wake, kwenye mlango wake.

Asubuhi iliyofuata Mama Kwanini alipanda tena ngazi. "Hodi! Leo nikuletee nini?"

Akaanza na mlango wa kwanza. Ulikuwa mlango wa "Salama, mama! Sijui nyinyi", wa mke wa yule aliyesema Mwalimu asiguse bomba. Kisha sauti ndogo ikasema, "Maji. Kama hutajali, ndoo mbili."

Mlango wa pili hawakutaka kitu. Wa tatu, maji. Ghorofani kwingine kijana mmoja aliagiza nyanya, kiberiti na vocha ya simu, kwa sauti nzima kama tarumbeta ya bendi. "Wewe shuka mwenyewe!" Mama Kwanini alimkemea, na jumba likacheka kutoka nyuma ya milango. Kwa Mwalimu alijibiwa, "Sihitaji kitu, na leo nitabeba ndoo." Alizibeba kweli, mzee yule, akipumzika kila kona na kuwasahihisha watu Kiswahili chao akiwa hapo.

Jioni alimwambia binti yake ukweli: wanaoumwa walikuwa wengi, na wengine walikuwa wakiumwa zamani. "Afadhali," binti alisema. "Sasa najua unajua."

Homa haikukimbia kwa sababu ya swali. Mzee mmoja wa ghorofa ya tatu alipelekwa hospitali na hakurudi, na wakamlilia, kila mtu akiwa mlangoni kwake. Lakini ngazi ilitulia alfajiri. Fundi Bomba na mkewe walipona, bibi afya akawapima akasema wako huru, na kijana aliposhuka mara ya kwanza alimnyang'anya Mama Kwanini ile zamu. "Pumzika wewe, mama. Sasa mimi ndiye bomba la jumba hili," alisema, na akawa anapanda na kushuka na ndoo mbilimbili, akiimba nyimbo anazokosea maneno.

Kisha asubuhi moja Mama Kwanini aliamka, macho yanamchoma.

Alikaa kitandani bila kusogea. Koo lilikuwa kavu, shingo inauma, mikono ya moto. Ng'ambo ya chumba, kwenye kitanda alichokisogeza karibu na dirisha ili apate hewa, mume wake alikuwa amelala, kifua kikipiga mluzi wake wa kawaida. Mama Kwanini akavaa barakoa haraka, akarudi mpaka ukuta wa mwisho.

Labda ni uchovu, alijiambia. Labda ni ule upepo wa jana. Labda mtoto ameshaipata, na kama ameshaipata kumtoa kuna faida gani? Alikuwa na maswali chungu nzima, na kwa mara ya kwanza maishani alitamani asiwe na hata moja. Binti yake alimkabidhi yeye, si mtu mwingine. Mtoto hajazoea mikono mingine. Na nani angejua? Muulizaji haulizwi.

Ngazini wimbo ukateremka, maneno yamekosewa yote. Ukakoma mlangoni.

"Hodi, mama! Leo nikuletee nini?"

Ulimi wake ulikuwa umeshajipanga. Sitaki kitu, mwanangu. Ni maneno mepesi, ya heshima, ambayo kila mtu angependa kuyasikia. Alifungua kinywa ayaseme. Mtoto akajigeuza, mluzi ukapanda kidogo, ukashuka.

"Mama? Nikuletee nini?"

"Usilete kitu," alisema Mama Kwanini, na sauti yake ikamgeuka. "Mwambie mkeo aje amchukue mume wangu."

Huko nje ndoo zikawekwa chini. Fundi Bomba hakuuliza kwa nini. Alisikika akikimbia kupanda, ngazi mbilimbili.

Mkewe alikuja na barakoa yake na kanga mbili safi. Mlango ulifunguka kiasi cha mtu mmoja kupita. Mama Kwanini alikuwa amebana mgongo ukutani kule mwisho, na alipoona mikono ya yule binti inashuka kitandani kumwinua mtoto, alivuta hewa akaishikilia, macho yamemtoka, barakoa imetuna.

Mtoto akaamka begani pa mtu mgeni, uso umeanza kukunjika kwa kilio. Akamwona bibi yake ng'ambo ya chumba, mashavu yamejaa. Akadhani ni mchezo, akacheka, mluzi na kicheko pamoja, akamnyooshea mikono.

"Nitamtunza, mama," alisema mke wa Fundi. Mama Kwanini alitikisa kichwa kukubali, kwani kujibu asingeweza.

Mlango ukafungwa. Alisikiliza hatua zikipanda, na kile kicheko nacho kikipanda pamoja nazo, kona ya kwanza, kona ya pili, mpaka mlango wa Fundi Bomba ulipofunguliwa na kufungwa. Ndipo akakohoa.